Kwa Nini Otula Hakuruka Upande wa Ziwa

Nyinyi vijana mnaosomea ukocha mna bahati. Mnakaa na tableti mapajani, mnabonyeza mara mbili, mashine inawaambia nani aanze na nani akae benchi. Mimi nilipanga timu kwa daftari la kurasa arobaini na nane, kalamu iliyofungwa uzi ili isiibiwe, na macho mawili ambayo moja lilikuwa linaona watu wawili pale aliposimama mmoja. Siwaonei wivu. Nimestaafu, magoti yangu yametulia, na tangu niache kazi sijapiga kelele isipokuwa kwa mbuzi.

Lakini kocha wenu amenisumbua kwa simu mwezi mzima niwaandikie jambo moja tu: namna ya kuchagua warefu wa kuanza mechi ya mpira wa vikapu. Haya. Nitaandika vile ninavyoongea. Nikirukia huku na kule mnivumilie, hata mpira wenyewe hauendi moja kwa moja.

Wafupi hawasumbui. Mfupi mwenye mbio unamwona, mwenye kutupa vizuri unamwona, hata mama wa kuuza chai getini anaweza kukuchagulia. Kazi ni wale wawili wa chini ya kikapu. Kazi yao ni kusukumana, kuzuia, kuruka kudaka mpira unaorudi kutoka ubaoni, na kufanya hayo yote bila kugongana wao kwa wao. Ni kama watu wawili wanaopitisha sofa mlangoni. Ukichukua wenye nguvu kuliko wote lakini kila mmoja anavuta kwake, utabaki na sofa nje na mlango umevunjika.

Mimi nilivunja milango mingi. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kwa kupima. Nilileta futi ya fundi cherehani, nikawasimamisha ukutani, wawili walionipita kabisa nikawaanzisha. Mmoja wao alikuwa mrefu hivi kwamba sisi tukiwa kwenye jua hapa Migori, yeye kichwani ananyeshewa na mvua ya Kisii. Dakika ya tatu waliruka pamoja kufuata mpira mmoja. Sauti ya vile vichwa ilisikika mpaka Ndhiwa. Mmoja aliamka akaniuliza kama mechi imeshaanza.

Basi nikaenda kwa Mzee Japuonj. Japuonj ni mwalimu kwa Kidholuo, na jina lake lingine hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa amefundisha mpira wa vikapu tangu enzi za ubao wa mbao za masanduku. Hakunipa hotuba. Alinipeleka chini ya kikapu, akaniambia nisimame hapo mikono juu mpaka mazoezi yaishe.

"Mzee, mabega yanaungua."

"Yaache yaungue. Unaona nini?"

"Naona jua."

"Enhe! Kumbe yule kijana uliyemtukana jana kwamba hajui kudaka, alikuwa anaona nini?"

Kulikuwa na bati moja limeng'oka paani, na saa kumi hivi jua lilipita pale likampiga mrefu wetu machoni. Nilikuwa nimemwita majina yote, mpaka ya wanyama. Tangu siku hiyo Japuonj alinifunga kwa sharti moja: kabla hujamhukumu mrefu, nenda usimame aliposimama. Naona aibu kuwaambia kwamba kuna wakati sharti hilo nililisahau. Na kusahau huko nusura kummalize mtu.

Subirini kwanza niwaeleze habari ya daftari, maana bila hilo hamtaelewa. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilirudi nikiwa na watoto watatu na upara, kwenye masomo ya ngumbaru ya jioni. Dawati langu nililikalia na nyanya mmoja muuza omena aliyenishinda hesabu kila muhula na hakunionea huruma hata siku moja. Wachezaji waliposikia, wakaniita Kocha Ngumbaru, na mimi jina hilo nikalivaa kama medali. Kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa kuchora grafu. Nikawaza: ikiwa naweza kuchora mvua ya mwaka mzima, siwezi kuchora mrefu? Nikawa nachora uwanja kwenye daftari, kila mrefu na ukurasa wake. Akidaka mpira, natia msalaba pale alipodakia. Mwisho wa mechi naona mtu mzima amelala kwenye karatasi: anapopenda, anapoogopa, anapochoka.

Sasa niwaambie kuhusu Otula.

Ule ulikuwa msimu wetu wa pili kama timu ya kulipwa, yaani wachezaji wana mkataba na mshahara, siyo ile ya kuchezea soda. Uwanja wetu wa Migori ulikuwa unatengenezwa, kwa hiyo hata mechi za nyumbani tulizipeleka Homa Bay, kwenye ule uwanja wenye paa la mabati na usio na kuta. Kikapu kimoja kilitazama mlima, kingine kilitazama ziwa. Nilikuwa na warefu watatu wa maana. Marwa, Mkuria mpana kama lori la miwa, ambaye ni Msabato na Jumamosi hashiki mpira hata malaika waje kumwomba. Okeyo wa Mfangano, mwenye mikono mirefu ya kuvuta nyavu. Na Otula. Huyo alikuwa na miguu ya paka, na hiyo ndiyo dawa ya mrefu. Urefu mtu anazaliwa nao, lakini miguu ndiyo inayomfikisha kwenye mpira kabla ya wengine. Ukurasa wake ulijaa misalaba kama makaburi ya misheni.

Halafu katikati ya msimu akaniomba ruhusa ya siku mbili. Alikuwa anapelekwa kujulishwa kwa wazazi wa msichana wake, anaitwa Achieng'. Nikampa, nikamwazima na koti langu, mikono ikamfika kwenye viwiko. Akarudi anacheka. Nikafurahi. Mechi iliyofuata, misalaba ikapotea.

Haikupotea yote, na hilo ndilo lililonitesa. Upande wa mlima alikuwa simba. Upande wa ziwa alikuwa mgeni msibani. Tukishambulia upande wa ziwa, anasimama mbali kama anasubiri gari. Tukizuia upande wa ziwa, anainua mikono mpaka kifuani, basi. Haruki. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukurasa wake ukawa nusu shamba, nusu jangwa.

"Otula, goti?"

"Hapana, kocha."

"Tumbo?"

"Niko sawa, kocha."

Mechi ya nne akanifuata kabla ya kuanza, anaangalia chini. "Kocha, naweza kucheza na suruali ndefu?"

"Suruali? Una baridi? Homa Bay hapa mbuzi wanatafuta kivuli!"

"Naomba tu."

Refa alikataa. Mimi nikaandika daftarini: anaficha goti. Mnaona nilivyokuwa mjanja?

Tukaendelea kupoteza, mpaka ikabaki mechi moja. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukishindwa tunashuka na mikataba yote inakufa. Na mechi ikapangwa Jumamosi saa kumi alasiri, kwa hiyo Marwa hayupo, atakuwa kanisani. Nabaki na Okeyo, na wa pili ni nani?

Mwenyekiti wa timu alikuwa na jibu. Aliniita ofisini kwake Ijumaa asubuhi, na pembeni yake alisimama kijana mrefu kuliko mlango. Tulimwita Mnara. Alikuwa na wiki tatu tu kwenye timu, na mpira ukimjia alikuwa anaufumbia macho.

"Huyu ataanza na Okeyo," mwenyekiti akasema. "Otula ameuza mechi. Watu wanaongea."

"Mwenyekiti, hakuna ushahidi."

"Si wewe uliyenionyesha daftari? Mtu anacheza upande mmoja, upande mwingine analala, na hana jeraha. Hiyo inaitwa nini huko kwenu ngumbaru?"

Misalaba ilikuwa yangu mwenyewe. Akanionyesha barua mbili mezani. Moja ilikuwa ya kumfukuza Otula kwa kuuza mechi. Mnajua maana yake: mtu akishaitwa hivyo hakuna timu itakayomgusa, na hakuna mkwe atakayempa binti. Ya pili ilikuwa na jina langu.

"Ukimwanzisha Mnara, natia sahihi ya Otula peke yake. Ukimwanzisha Otula tukashinda, nachana zote. Tukishindwa, natia sahihi zote. Kesho saa sita nataka majina."

Nikatoka pale na daftari kwapani. Na niwaambie ukweli, vijana: nilishaamua kumwanzisha Mnara. Nilikuwa na watoto shuleni. Nilikuwa nimeandika jina lake daftarini kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba nilipolifunga daftari nikakumbuka mabega yangu yanavyoungua, na sauti ya Mzee Japuonj: unaona nini?

Mchana huohuo nikaenda Homa Bay. Uwanja ulikuwa mtupu, ila mlinzi wake, Odhis, alikuwa anafagia. Nikafungua ukurasa wa Otula, nikaenda mpaka pale penye jangwa, chini ya kikapu cha ziwa. Nikasimama mikono juu. Mabati yote yapo. Jua halinipigi. Sakafu haitelezi. Nikaruka mara mbili, na nchi ikatikisika.

"Koch, uko sawa?" Odhis akaniuliza, ufagio begani. "Niite mtu?"

"Niache. Naangalia."

Nikatazama mbele vile mrefu anavyotazama akisubiri mpira. Nyuma ya kikapu kuna mabenchi ya saruji, mstari wa kwanza uko karibu hivi kwamba unaweza kumpa mtu chumvi. Katikati ya mstari ule kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki, kimefungiwa mto mdogo wa kitambaa cha kijani.

"Odhis, hiyo kiti ni ya nani?"

"Hiyo? Usiikalie! Ni ya Mwalimu Pamela. Alistaafu juzi, sasa hakosi mechi yenu hata moja. Mwezi wa pili huu."

"Mwalimu Pamela gani?"

"Mama Achieng'."

Niliketi palepale sakafuni. Odhis akadhani nimeanguka, akaja mbio na maji.

Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi labda mtacheka, kwa hiyo niwaeleze. Mama mkwe, sisi tunamwita maro. Maro huli chakula mbele yake, humzoei, humtanii. Na kama unataka kuharibu nyumba yako kabla hujaijenga, basi simama mbele yake na kaptura na fulana isiyo na mikono, makwapa nje, jasho linakutiririka, halafu ruka, uanguke miguu juu. Kijana wa watu alikuwa amejulishwa kwake juzi akiwa ndani ya koti langu. Mechi iliyofuata anageuka kutafuta mpira, anakuta maro amekaa hatua tatu mbele yake, amekunja mikono. Afanye nini? Na atamwambia nani? Akiwaambia wachezaji watamcheka mpaka azeeke. Alikuwa ananiomba suruali, na mimi naandika goti!

Nilicheka peke yangu mpaka Odhis akarudi nyuma. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile. Mtu wangu hakuwa mwizi. Alikuwa na heshima tu, tena kupita kiasi.

Lakini furaha haidaki mpira. Nikamwuliza Odhis nyumba, nikaenda. Nilimkuta Mwalimu Pamela barazani anasoma kitabu cha nyimbo, miwani yenye kamba imekaa puani. Aliponisikia getini akanitazama juu ya miwani, akanitambua kabla sijafika barazani.

"Kocha! Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Karibu, kaa. Huyo kijana wako ni mgonjwa?"

"Kijana gani, mama?"

"Usinifanye mtoto wa darasa la kwanza. Otula. Binti yangu anataka kuolewa naye, nami nimesema sitauliza watu, nitamwangalia mwenyewe akiwa kazini. Nimemwangalia miezi miwili. Kazi ikija karibu nami anaikimbia! Mwanaume mvivu namna hiyo atamlisha mtu?"

"Mama, haikimbii kazi. Anakukimbia wewe."

Nikamweleza yote, suruali, daftari, barua mbili. Nilipofika kwenye suruali mdomo wake ulianza kucheza. Nilipofika kwenye barua ukaacha.

"Kwa hiyo kesho nisije," akasema.

"Ningekuomba, mama."

"Hapana." Akakifunga kitabu. "Nisipokuja kesho, nikija siku nyingine itakuwa yaleyale. Tena nataka kuona. Huyu ni mtu wa kukaa na binti yangu, siyo wewe." Akafikiri kidogo, akaivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nenda umwambie hivi. Mwambie mama yake Achieng' bila miwani haoni hata ng'ombe. Mpira ukija upande wangu, nitaivua. Akiona nimeivua, ajue mimi sipo."

Jumamosi asubuhi nikampeleka Otula kando, nikamwambia. Alifunika uso kwa mikono yake mikubwa kama sinia mbili.

"Kocha, wewe ulijuaje?"

"Omera, ndugu yangu, mimi pia nina maro. Miaka ishirini na saba, na mpaka leo nikimwona natafuta vifungo vya koti ambalo sijavaa. Sasa niambie, utaruka?"

"Akivua kweli?"

"Amesema atavua."

Saa sita nikampelekea mwenyekiti majina: Okeyo na Otula. Aliyasoma, akagonga zile barua mbili kwa kidole. Mnara, Mungu ambariki, ndiye aliyepumua kwa nguvu kuliko wote.

Mechi ikaanza. Mpira wa kwanza ukaenda upande wa ziwa. Nikaacha kuangalia mpira, nikaangalia kiti chenye mto wa kijani. Mwalimu Pamela, taratibu kama mtu anayejiandaa kusali, akashika miwani kwa vidole viwili akaivua. Otula akamtupia jicho moja. Halafu akaruka. Vijana, aliruka mpaka njiwa waliokuwa kwenye paa wakahama wilaya. Akashuka na mpira, na kiwiko chake kikamtengenezea Okeyo njia ya kupita. Ikawa hivyo alasiri nzima: mpira ukija, miwani chini, mpira ukienda mlimani, miwani juu. Yule mama alifanya mazoezi kuliko wachezaji. Robo ya mwisho alikuwa anauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, lakini hakuruka zamu hata moja.

Tulishinda kwa kikapu kimoja, alichokifunga Otula palepale jangwani, karibu amwangukie mkwewe. Mwenyekiti alizichana barua mbele yangu, vipande vidogo sana, na mimi nikaviokota vyote nikaviweka mfukoni, maana simwamini mtu mwenye gundi.

Watu walipopungua nikaenda kumshukuru Mwalimu Pamela. Alikuwa anafungua mto wake kwenye kiti.

"Kijana ni mzuri," akasema. "Binti yangu atakula. Ila mwambie ule mpira wa robo ya pili alikuwa na nafasi mkono wa kulia, kwa nini alitumia wa kushoto? Na yule wa Mfangano anamkanyaga dole gumba kila wakirukia pamoja. Watenganishe hatua moja."

Mimi na daftari langu tulikuwa hatujaliona lile la dole gumba.

"Mama, si ulikuwa umevua miwani?"

Akaifuta miwani kwa ncha ya leso, bila haraka, akaitia kwenye mkoba.

"Kocha," akasema, "hii ni ya kusomea. Na ukimwambia, kila mechi nitakuja kukaa kwenye benchi lako."

Basi nikakaa kimya. Nimekaa kimya miaka yote hii, mimi ambaye siwezi kukaa kimya hata kwa daktari wa meno. Na nyinyi vijana mnamfahamu. Ni yule mama anayekuja mazoezini kwenu na mto wa kijani, anayevua miwani kila kocha wenu akivaa kaptura kuwaonyesha namna ya kuruka. Mwezi uliopita nilikutana naye sokoni. Akaniambia mkono umezeeka, amechoka kuivua na kuivaa, na kwamba naweza kusema sasa.

Kwa hiyo kabla hujawasomea hawa watoto, Otula mwanangu, kocha wao, najua umefika mpaka hapa. Keti kwanza. Dole gumba lako alikuwa analiona.